Pete Isiyokatizwa

Soma kwanza hadithi hii. Imetungwa kwa ajili ya somo, wala mambo yake hayakutokea mahali po pote. Lakini hesabu iliyomo ndani yake ni ya kweli, nayo imewashughulisha watu wenye elimu kubwa.

Palikuwa na ghala ya vyombo vya kazi, yenye chumba kimoja tu na mlango mmoja mwembamba. Ndani hamkuwa na ukuta wala pazia, hata watu wawili waliokuwamo kwa wakati mmoja hawakuweza kukosa kuonana. Siku moja karani wa ghala aliitwa mjini tangu asubuhi hata jioni, akauacha mlango wazi ili mafundi wachukue vyombo vyao. Aliporudi alikuta mfuko wa fedha za mishahara haupo.

Watu saba tu walikuwa wameingia siku ile: seremala, dobi, mwashi, mpishi, mshoni, mtunza bustani na tarishi. Wote wakaitwa. Kila mmoja akasema, "Bwana, mimi niliingia mara moja tu, nikachukua nilichokitaka, nikatoka." Karani akawauliza tena, "Ulikutana na nani humo ndani?"

Seremala akajibu kwamba alikutana na tarishi na dobi. Dobi akasema amekutana na seremala na mwashi. Mwashi akawataja dobi na tarishi. Mpishi akawataja tarishi na mshoni. Mshoni akawataja mpishi na mtunza bustani. Na mtunza bustani akawataja mshoni na tarishi. Tarishi naye alisema alikutana na watu wanne, yaani seremala, mwashi, mpishi na mtunza bustani. Majibu hayo yalipatana, maana kila aliyesema "nilimwona fulani," na fulani huyo alisema "nami nilimwona yeye." Lakini hapana hata mmoja aliyekuwa na saa, wala hawakuweza kusema nani alitangulia na nani alifuata.

Basi watu wakaanza kumtazama dobi. Alikuwa mgeni mahali pale, hana ndugu, tena kila siku hubeba mfuko mkubwa wa nguo. Wakasema, "Mfuko ule watosha kuficha mifuko kumi ya fedha." Karani naye akakaribia kukubali, akataka kumpeleka bomani. Dobi akasema, "Bwana, mimi sina shahidi ila neno langu."

Mwalimu wa shule alikuwa amefika pale kuomba chaki. Akasema, "Bwana karani, nipe chaki hiyo sasa hivi, na mlango wako uwe ubao wangu. Labda dobi anaye shahidi asiyemjua."

Sasa fanya kama alivyofanya mwalimu. Chukua kibao chako, utie nukta saba, kila nukta ni mtu mmoja. Kisha, kila watu wawili waliokutana, vuta mstari kutoka nukta ya mmoja mpaka nukta ya mwenzake. Mistari hiyo tuiite nyuzi. Urefu wa uzi si kitu, wala kupinda kwake si kitu. Lililo na maana ni nani amefungwa na nani. Mchoro wa namna hii wenye elimu ya hesabu huuita grafu. Si jambo la jana. Mwaka 1736 mtaalamu mmoja mkubwa, jina lake Leonhard Euler, aliandika habari za madaraja saba ya mji wa Königsberg, akionyesha ya kuwa mtu hawezi kutembea katika mji ule na kuvuka kila daraja mara moja tu, bila kurudia hata moja. Aliyaacha mawe na maji ya mto, akashika jambo moja tu: sehemu ipi ya mji imeungwa na sehemu ipi. Watu wa hesabu huhesabu elimu ya grafu kuwa imeanza hapo.

Ukiuchora mchoro wa ghala vizuri, utaona umbo kama tarakimu 8. Tarishi yuko katikati, pale viungo viwili vya nane vinapokutana. Upande mmoja wako seremala, dobi na mwashi. Upande wa pili mpishi, mshoni na mtunza bustani. Kila upande ni pete. Anza kwa tarishi, nenda kwa seremala, kisha kwa dobi, kisha kwa mwashi, nawe umerudi kwa tarishi. Hiyo ni pete ya watu wanne.

Itazame pete hiyo kwa makini. Je, kuna uzi unaopita katikati yake, kutoka pembe moja mpaka pembe ya mbele yake? Seremala na mwashi hawakukutana. Tarishi na dobi hawakukutana. Hakuna. Uzi kama huo, ungalikuwapo, tungeuita uzi wa kukatiza, kwa maana ungeikata pete vipande viwili. Pete hii basi haikukatizwa. Nayo ile ya pili ni vivyo hivyo.

Mwalimu alipoona hayo akasema, "Kuna mtu aliyesema uongo, nami naweza kulionyesha jambo hilo bila kumtazama mtu usoni." Alijuaje? Shika fikira hii vizuri, kwa maana ndiyo kiini cha somo lote.

Tuseme watu wanne wamefanya pete, kila mmoja amekutana na mwenzake wa kushoto na mwenzake wa kulia. Tuseme tena ya kuwa kila mmoja aliingia mara moja tu, akatoka mara moja tu. Mlango ni mwembamba, hivyo hawawezi kutoka wawili kwa pamoja. Hapana budi mmoja wao atangulie kutoka. Simama mlangoni kwa mawazo yako, umtazame huyo wa kwanza anapotoka. Wenzake wawili wako wapi? Mwenzake wa kushoto alikutana naye ndani, basi aliingia kabla huyu hajatoka. Wala hajatoka bado, kwa sababu huyu ndiye wa kwanza kutoka. Kwa hiyo yumo. Mwenzake wa kulia kadhalika: ameingia, wala hajatoka, naye yumo. Basi wote wawili wamo chumbani kwa wakati ule ule, na chumba hakina pazia. Hawakosi kuonana! Nao ni watu waliotazamana ng'ambo hii na ng'ambo hii ya pete. Uzi wao ndio uzi wa kukatiza.

Lisome fungu hilo mara mbili. Ni fupi, na kwa sababu ya ufupi wake mtu hudhani kuna ujanja umefichwa. Hakuna. Mtu wa kwanza kutoka huwaacha wenzake ndani pamoja. Ni hilo tu.

Tena neno hili halikuhusu pete ya wanne peke yake. Chukua pete ya watano, au ya sita, au ya mia. Wa kwanza kutoka atawaacha wenzake wawili ndani, nao watakuwa wamekutana, na pete itakuwa imekatizwa. Pete ya watatu tu ndiyo isiyohitaji uzi wa kukatiza, kwa kuwa ndani yake kila mtu amekwisha kufungwa na kila mwenzake.

Sasa rudi ghalani. Pete ya kwanza haikukatizwa. Basi haiwezekani wote wanne waliomo wawe wameingia mara moja tu. Mmoja wao amesema uongo, naye ni tarishi, au seremala, au dobi, au mwashi. Pete ya pili vilevile haikukatizwa. Kwa hiyo mwongo wake ni tarishi, au mpishi, au mshoni, au mtunza bustani. Kama aliyedanganya ni mtu mmoja tu, lazima awe katika pete zote mbili. Nani yumo katika pete zote mbili? Dobi hayumo. Hata angalikuwa ameingia ghalani mara ishirini, pete ya pili ingalibaki pale pale, na uongo wake ungalibaki bila mwenyewe. Huyo ndiye shahidi wa dobi. Aliye katika pete zote mbili ni tarishi peke yake.

Mwalimu akaendelea. "Tena hakuingia mara mbili," alisema, "bali mara tatu, au zaidi." Jambo hili nalo tulifuate. Dobi aliingia kabla mtu mmoja wa kundi lake hajatoka, akakaa mpaka mwingine alipoingia. Seremala yuko upande mmoja wa dobi, na mwashi upande wa pili: mmoja alitangulia, mwingine akafuata. Tarishi alionana na wote wawili, lakini hakuonana na dobi. Basi alionana na mmoja kabla dobi hajaingia, akatoka, akaja kuonana na wa pili baada ya dobi kuondoka. Hizo ni mara mbili. Kwa mshoni ni vivyo hivyo: mara moja kabla yake, na mara moja baada yake. Na makundi hayo mawili, la dobi na la mshoni, hayakukutana kabisa, hivyo moja lilikwisha ndipo la pili likaanza. Huenda tarishi alikuwamo katikati, akawaona mtu wa mwisho wa kundi la kwanza na mtu wa kwanza wa kundi la pili katika kuingia kumoja. Lakini kuingia kule kwa mwanzo kabisa na kule kwa mwisho kabisa haviwezi kuwa kimoja nacho. Hesabu: mwanzo, kati, mwisho. Mara tatu.

Karani akamgeukia tarishi, akamwambia, "Ulisema mara moja. Kwa nini uliingia mara tatu?" Tarishi akashtuka, maana hapana mtu aliyekuwa amemwona zaidi ya mara moja isipokuwa yeye mwenyewe kujijua. Akainamisha kichwa. Mfuko ulikutwa umefukiwa nyuma ya ghala, na fedha zote zimo. Mara ya kwanza aliutafuta, mara ya pili aliusogeza karibu na mlango, na mara ya tatu mtunza bustani alipokwisha kutoka, akauchukua. Dobi aliutwaa mfuko wake wa nguo, akaenda zake mtoni, kwa maana jua lilikuwa bado halijatua.

Hapa yafaa tuseme wazi ni kitu gani hesabu ilithibitisha na ni kitu gani haikuthibitisha. Ilithibitisha kwamba neno la tarishi la "mara moja tu" halikuwa kweli, ikiwa mwongo ni mmoja. Haikuthibitisha wizi. Kuingia mara tatu si kuiba. Mfuko uliofukiwa ndio uliothibitisha wizi. Na kama waongo wangalikuwa wawili, mwalimu asingaliweza kumtaja mtu kwa chaki peke yake.

Sasa tuiache ghala, tutazame wataalamu. Mwaka 1957 mwana hesabu wa Hungaria, György Hajós, aliuliza ni grafu zipi ziwezazo kupatikana kwa njia hii, yaani kwa vipande vya mstari mmoja, kila vipande viwili vinavyopandana vikifungwa kwa uzi. Muda wa mtu kukaa ghalani ni kipande cha namna hiyo, na mstari wenyewe ni saa za mchana. Mfaransa Claude Berge, aliyezaliwa mwaka 1926 na kufa mwaka 2002, aliipenda fikira hiyo hata akaitungia hadithi fupi ya upelelezi, iliyotolewa mwaka 1994. Humo bwana mkubwa mmoja ameuawa katika jumba lake, na mwuaji anapatikana kwa grafu.

Grafu ambayo kila pete yake ya nukta nne au zaidi imekatizwa ina sifa nyingine, nayo yapendeza kuijaribu kwa mkono. Mwaka 1961 Gabriel Dirac, aliyezaliwa Budapest, alithibitisha ya kuwa katika grafu ya namna hiyo daima iko angalau nukta moja ambayo wenzi wake wote wamefungwa wao kwa wao. Tuiite nukta ya ukingoni. Katika ghala, mtu wa kwanza kutoka ni nukta ya ukingoni, kama tulivyoona. Ukiifuta nukta hiyo pamoja na nyuzi zake, grafu inayobaki nayo ina nukta ya ukingoni. Ukiifuta hiyo, inapatikana nyingine. Hata kibao kinabaki kitupu. Mwaka 1965 Fulkerson na Gross wa Marekani walionyesha kwamba hicho ndicho kipimo hasa. Ukiweza kufuta zote kwa njia hii, hakuna pete isiyokatizwa. Ukikwama njiani, iko.

Jaribu. Andika nukta A, B, D, E na F. Funga A na B, B na D, D na E, E na A. Kisha funga A na D, na mwisho E na F. Anza kwa F: mwenzi wake ni E peke yake, hakuna wa kugombana naye, basi ifute. B ina wenzi wawili, A na D, nao wamefungwa pamoja; ifute. E sasa ina wenzi A na D, ifute. Zimebaki A na D, nazo hazina shida. Umemaliza. Sasa chora upya, lakini usiuvute uzi wa A na D. Futa F kama kwanza, kisha utafute nyingine. Wenzi wa A ni B na E, ambao hawakufungwa. Wenzi wa B ni A na D, hawakufungwa. Hata D na E ni vivyo hivyo. Umekwama, na kilicho mbele yako ni ile pete ya nne iliyomkamata tarishi.

Watu wafanyao hesabu kubwa kwa kompyuta hutumia ufutaji huu kila siku wanapotatua milinganyo maelfu kwa pamoja, lakini habari hiyo ni ndefu, tuiache.

Kuna swali lililobaki. Je, kila grafu isiyo na pete mbaya inaweza kutokana na kuingia na kutoka ghalani? Mtu angependa kusema ndiyo. Si hivyo. Fikiri habari za mto wenye vijito, na wavuvi waliogawiwa maji yake. Kila mvuvi ana sehemu moja isiyokatika, nayo yaweza kupanda katika vijito pia. Wavuvi wawili wakishirikiana maji yo yote, wafunge kwa uzi. Grafu ya wavuvi hao haina pete isiyokatizwa kamwe, kwa sababu mto haukuzunguka na kujirudia. Aendaye mbele akitaka kurudi alikotoka hana budi kupita maji yale yale. Katika miaka ya 1970 wataalamu walithibitisha na upande wa pili wa jambo hili: kila grafu ambayo pete zake zote zimekatizwa yaweza kuchorwa kama wavuvi wa mto fulani wenye vijito.

Lakini saa za mchana si mto wenye vijito. Ni mstari, nao una ncha mbili tu. Mtie mvuvi mmoja katika makutano ya vijito vitatu. Katika kila kijito mtie mvuvi mwingine anayeshirikiana maji naye, na juu zaidi mtie wa tatu anayeshirikiana na huyo wa pili tu. Wamekuwa saba, na grafu yao ni kama nyota yenye miguu mitatu, kila mguu una nukta mbili. Haina pete hata moja, mbaya wala njema. Hata hivyo haiwezi kutokea ghalani. Kila mmoja wa wale watatu walio karibu na mtu wa katikati lazima akutane na rafiki yake wakati mtu wa katikati hayumo. Basi ama aliingia kabla yake, ama alibaki baada yake. Nafasi ni mbili, watu ni watatu, kwa hiyo wawili wameangukia upande mmoja. Nao wangekuwa wamo pamoja mtu yule anapoingia, au anapotoka, na wangeonana. Lakini nyota yasema hawakuonana. Waholanzi wawili, Lekkerkerker na Boland, ndio walioonyesha mwaka 1962 jinsi ya kuzitambua kwa ukamilifu grafu za mstari: pete zote zikatizwe, na tena pasiwe na mpanuko wa namna tatu kama huu.

Sasa sikia jinsi mambo haya ya nyuzi yalivyotumika kuchungulia ndani ya kitu kidogo sana chenye urithi. Kuna virusi vinavyoshambulia bakteria za tumboni. Aina moja huitwa T4. Ni vidogo mno, hata hadubini za kawaida hazivioni. Navyo, kama viumbe vyote, vina maagizo ya urithi yanayowaambia wazao wawe kama wazazi. Mwaka 1953 Watson na Crick walikuwa wameeleza kwamba kitu kinachobeba maagizo hayo ni kama nyuzi mbili ndefu zilizosokotana. Lakini ndani ya sehemu moja ndogo ya maagizo, je, maneno yamepangwa katika mstari mmoja kama maandishi ya kitabu, au yana matawi kama mto? Hapakuwa na jicho la kuona. Seymour Benzer, wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, akatafuta njia ya kujua bila kuona.

Alikuwa na virusi vyenye kasoro, ambavyo kila kimoja kimepotewa na kipande cha maagizo. Fikiri vitabu vya aina moja vilivyochanika. Kitabu cha kwanza hakina kurasa za 10 mpaka 30, na cha pili hakina kurasa za 50 mpaka 60. Ukivifungua na kuunganisha kurasa zao, waweza kutengeneza kitabu kizima. Lakini kama cha kwanza kimekosa 10 mpaka 30, na cha pili kimekosa 25 mpaka 40, hutaweza kamwe, kwa kuwa kurasa za 25 mpaka 30 hazimo katika cho chote. Benzer alifanya vivyo hivyo kwa virusi. Alivitia viwili viwili katika bakteria moja, ambamo maagizo yao huchanganyika, akatazama kama kitazaliwa kirusi kizima. Kikizaliwa, mapengo yao hayapandani. Kisipozaliwa, yanapandana. Kwa njia hii hakujua pengo liko wapi wala lina urefu gani. Alijua tu lipi limegusana na lipi, yaani alipata nukta na nyuzi, kama karani aliyejua nani alikutana na nani bila kujua saa.

Katika makala yake ya mwaka 1959 alieleza habari za virusi 145 vya namna hiyo. Kama maagizo yangalikuwa na matawi, ile nyota ya miguu mitatu ingaliweza kutokea kati ya mapengo hayo. Kama yangalikuwa na mzunguko ndani yake, ingaliweza kutokea pete isiyokatizwa. Alivipanga, akavipanga upya, na vyote vikakubali kulala juu ya mstari mmoja bila hata kimoja kukataa. Maagizo yameandikwa kama maandishi, neno baada ya neno.

Maswali

1. Chora grafu ya watu sita ghalani ambamo kila mtu alikutana na wawili tu, nao wote wamefanya pete moja. Eleza kwa maneno yako mwenyewe, ukianza na mtu wa kwanza kutoka, kwa nini mmoja wao amesema uongo.

2. Katika hadithi ya dobi, tuseme waongo wangaliweza kuwa wawili, na tarishi si mmoja wao. Andika jozi zote za watu wanaoweza kushukiwa. Ni ngapi?

3. Mpishi akikumbuka baadaye ya kwamba alikutana pia na mtunza bustani, na mtunza bustani akakubali, pete ya pili inakuwaje? Je, dobi bado ameokoka?

4. Kuna ziwa lenye njia ya kulizunguka, na walinzi wanne. Kila mmoja hulinda sehemu moja ya njia isiyokatika. Onyesha kwa mchoro ya kuwa walinzi hawa wanaweza kufanya pete isiyokatizwa, bila ye yote kusema uongo.

5. Andika majina ya wanafunzi saba wa darasa lako, na utunge habari zao za kuingia maktabani mara moja moja, kila mmoja na saa zake. Chora grafu, kisha ufiche saa, umpe jirani yako nukta na nyuzi peke yake. Je, aweza kujua nani aliingia kwanza? Kama hawezi, ni kitu gani anachoweza kujua?